Nguzo za Imani na Siasa

Katika Chumbi, kusini ya mto Rufiji, nyumba ya miti na udongo haijengwi juu ya msingi. Neno msingi lafaa nyumba za mawe za Kilwa na Unguja, na majumba ya saruji ya Dar es Salaam. Nyumba ya Chumbi huanza kwa shimo. Mjenzi hupiga mtalimbo ardhini, huutoa udongo kwa mkono, husimamisha nguzo, hurudisha udongo na kuushindilia mpaka nguzo isicheze. Kisha hufuata fito, kisha udongo wa kukandika, na mwisho paa. Mgeni apitaye katika barabara kuu iendayo Lindi huona kuta na paa, hayaoni mashimo. Lakini mwenye nyumba ajua kuwa siku upepo utakapovuma, au masika yatakapoilowesha ardhi, swali halitakuwa juu ya uzuri wa paa. Litakuwa juu ya kina cha shimo.

Mzee mmoja wa kijiji hicho alikuwa akichimba mashimo ya namna hiyo asubuhi moja ya kiangazi, na mjukuu wake amesimama kando. Mjukuu alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja likizo. Katika mfuko wake mlikuwa na vitabu vitatu na karatasi nyingi, maana mwalimu wake alikuwa amemwagiza kuandika insha juu ya misingi ya itikadi za dini na siasa. Alikuwa amesoma mengi juu ya watu wa nchi za mbali, wenye hekima na majina makubwa, na kila mmoja alikuwa na msingi wake. Moyo wake haukutulia. Alimtazama babu yake akichimba, akauliza, "Babu, mbona shimo lapita goti? Huku juu mafuriko hayafiki."

Mzee hakuacha kazi yake. "Mjukuu wangu," alijibu, "mimi sikuzaliwa huku juu. Nilikotoka, aliyechimba shimo fupi alilala nje."

Jibu hilo lilikuwa la mjenzi, wala halikukusudiwa kuwa falsafa. Hata hivyo lilibeba sehemu kubwa ya jambo ambalo kijana alikuwa akilitafuta. Itikadi nayo hujengwa kama nyumba. Watu husifu maneno yake kama wasifuvyo paa jipya, na humheshimu aliyeitamka kama waheshimuvyo fundi hodari. Ni wachache waulizao imechimbiwa wapi, na ni nani aliyeshindilia udongo.

Maneno yenyewe yana mafunzo. Itikadi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na shina lake ni kufunga fundo. Mwenye itikadi ni mtu aliyelifunga jambo moyoni mwake. Imani ni ndugu wa amini na amana. Aliyeamini ameweka amana mahali ambapo atarajia kuikuta. Siasa, kabla haijawa neno la vyama na mikutano, kamusi za zamani za Kiswahili ziliipa maana ya upole, taratibu na uangalifu. Kulifanya jambo kwa siasa kulikuwa ni kulifanya pasipo pupa wala ukali. Fundo, amana na upole: hayo ndiyo mambo ambayo lugha iliyaweka chini ya mafundisho ya dini na ya utawala. Katika hayo matatu amri haimo. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa kuwa historia ya bonde la Rufiji ni historia ya mafundo yaliyofungwa kwa hiari na mafundo yaliyofungwa kwa nguvu.

Mahali pa kuanzia si mbali na Chumbi. Ngarambe imo katika wilaya hiyo hiyo ya Rufiji, na Mohoro ni jirani. Mwaka 1904 huko Ngarambe alitokea mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Masimulizi ya wazee yasema kwamba pepo aitwaye Hongo alimpanda, akaingia katika maji, watu wakamlilia kama maiti, na alipotoka nguo zake zilikuwa kavu. Akaanza kutoa maji ya dawa na mafundisho pamoja nayo. Maji hayo yangewakinga watu, na risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Watu wakamiminika Ngarambe kutoka kila upande, wakaenda makwao na dawa na habari zake.

Aliye mbali huweza kucheka na kusema kwamba huo ulikuwa ushirikina mtupu. Kicheko hicho huona paa tu. Chini ya fundisho la maji palikuwa na mashimo mawili yaliyochimbwa zamani. La kwanza lilikuwa la dini. Kabla ya Kinjikitile, watu wa bonde walikwisha kumjua Bokero, mwenye enzi katika maji ya Rufiji, ambaye mahali pake palikuwa pakiendewa kuombwa mvua na mavuno, kama vile Waluguru na jirani zao walivyomwendea Kolelo. Kwa watu ambao chakula chao hutegemea kupanda na kushuka kwa mto, hapana ajabu kwamba maji ndiyo yaliyokuwa lugha ya rehema. Kinjikitile hakuwaletea watu mungu mgeni. Alichukua heshima iliyokuwapo, akaipa kazi mpya.

Shimo la pili lilikuwa la mateso. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen iliwalazimisha watu wa pwani ya kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya macho ya majumbe na maakida. Siku za kulima pamba ya serikali zilikuwa ndizo siku za kulima chakula cha nyumbani. Malipo yake yalikuwa madogo hata wako waliokataa kuyapokea. Juu ya pamba palikuwa na kodi, na juu ya kodi palikuwa na kiboko. Basi neno la Ngarambe lilipotamkwa liliangukia masikio yaliyokuwa yakingoja. Lilikuwa neno la dini kwa jinsi lilivyomtaja Bokero, na neno la siasa kwa jinsi lilivyokataa kutawaliwa. Aliyelisikia hakuwa na haja ya kuyatenga mambo hayo mawili.

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa mashina ya pamba ya serikali, na kung'oa huko kukawa tangazo la vita. Kinjikitile alikamatwa, na tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa Mohoro. Kamba ilimmaliza mtu, wala haikumaliza neno. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine, ambao baadhi yao zamani walishambuliana, walikunywa dawa moja na kupigana vita moja. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu waliishambulia boma ya Mahenge wakiwa na mikuki na maji, wakakutana na bunduki za mtombo. Waliokuwa mbele waliona kwa macho yao kwamba risasi haikugeuka. Vita viliendelea hata mwaka 1907, na jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua zaidi ya bunduki. Hesabu ya serikali ya wakati ule ilitaja watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Hapa ndipo penye fumbo la itikadi. Nguzo moja ya fundisho la maji ilikuwa imeoza: ahadi juu ya risasi haikuwa kweli, na watu waliiweka roho yao amana mahali ambapo hawakuikuta. Hilo halifai kupambwa kwa maneno matamu, maana waliokufa hawakuwa mfano wa insha. Walikuwa baba na mama wa watu. Lakini nguzo nyingine ilisimama. Fundisho kwamba watu wa makabila mengi waweza kuwa na jambo moja halikufa Mahenge. Mwezi Desemba 1956 Julius Nyerere aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuidai Tanganyika, alivitaja vita hivyo, akaeleza kuwa watu hawakuinuka kwa sababu ya kiapo cha kishirikina, bali kwa sababu hawakukubali kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala. Kwa maneno mengine, alichimbua shimo la zamani na kusimamisha nguzo mpya ndani yake. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, iliahidi umoja bila kuahidi kinga ya risasi, na uhuru ukapatikana mwaka 1961 bila vita.

Vita vya Maji Maji vyafundisha pia hatari ya mafundisho mawili kufungwa kwa kamba moja. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, watawa wa kiume na wa kike, waliuawa safarini karibu na Liwale. Hawakuwa askari. Machoni mwa wapiganaji, hata hivyo, aliyebeba msalaba na aliyebeba bunduki walikuwa wametoka nchi moja, walisema lugha moja na kulindwa na bendera moja. Dini ikisimama kivulini mwa serikali hupata kivuli hicho wakati wa jua. Mti ukianguka, hupata pigo lake pia. Somo hilo ni la kila dini na kila serikali.

Baada ya vita Uislamu ulienea sana kusini, nao katika bonde la Rufiji ndio dini ya watu walio wengi hata leo. Haukuenea kwa jeshi. Ulikwenda na walimu wa vyuo vya Kurani, wafanya biashara na watu wa tarika, nao uliingia katika vijiji vilivyokuwa vimefiwa na kufukarika. Watu waliopoteza dawa ya maji walikuta maji mengine, ya udhu, ambayo hayakuahidi kumkinga mtu na risasi. Yaliahidi kumtayarisha kusimama mbele ya Mungu mara tano kwa siku, pamoja na jirani yake, bega kwa bega. Wakuu wa Kijerumani hawakutulia. Mwaka 1908 ilipoenea pwani barua iliyosemekana kuwa imetoka Makka, ikiwaonya Waislamu juu ya siku ya mwisho na kuwataka warudi katika ibada, serikali iliogopa kuwa Maji Maji imerudi katika vazi jingine. Haikuwa hivyo. Lakini hofu yao ilikuwa na chembe ya akili: mtawala ajuaye kwamba shimo la mateso bado liko wazi hutetemeka kila aonapo mtu amebeba nguzo.

Yafaa kuliangalia jambo hili bila upendeleo. Dini idumuyo haidumu kwa sababu ya miujiza yake peke yake, wala kwa hoja za wanachuoni peke yake. Mtoto wa Chumbi aliyepelekwa chuoni na juzuu yake hakufundishwa kwanza kuthibitisha kuwapo kwa Mungu. Alifundishwa kunawa, kusalimu, kumngojea mkubwa aanze kula, kumwombea maiti asiyemjua. Fundo lilifungwa kidogo kidogo, kwa mikono ya jirani, na alipokuwa mtu mzima alikuta limeshikamana na maisha yake yote. Huko ndiko kushindilia. Itikadi iliyoshindiliwa hivyo haitikiswi na kila upepo, na tena haina haja ya kulindwa kwa kiboko.

Mzee wa Chumbi alikuwa na umri wa miaka kumi na sita mwaka 1968. Wazazi wake waliishi bondeni karibu na mashamba yao, kama walivyoishi Warufiji wengi. Nyumba zilitawanyika, kila moja jirani ya shamba lake. Maji yalipopanda watu walipanda katika dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu. Yalipopungua yaliacha udongo mweusi wenye rutuba, nao walipanda mlau, mazao ya baada ya mafuriko. Mto ulikuwa mkwe mkali: uliharibu na kulisha. Mwaka huo mafuriko yalikuwa makubwa kupita kawaida, na njaa ikawatazama watu usoni.

Mwaka huo huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakizunguka vijijini kusini, wakikusanya kwa wazee masimulizi ya Maji Maji kabla hayajazikwa nao. Hivyo, wakati wasomi walipokuwa wakiyauliza maji ya mwaka 1905, maji ya mwaka 1968 yalikuwa yakiandaa masimulizi mengine.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nchi ilikuwa imepata itikadi iliyoandikwa. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Msomaji wa lugha hawezi kupita bila kuona kwamba hati hiyo ya siasa inaanza kwa kueleza imani ya TANU, na kwamba ndani yake ujamaa wenyewe umeitwa imani. Neno la msikitini na kanisani liliazimwa na chama, wala halikuazimwa bure. Nyerere alikwisha kusema mwaka 1962 kwamba msingi wa ujamaa ni jamaa yenyewe, ile desturi ya Kiafrika ya watu wa ukoo kufanya kazi pamoja na kutomwacha mmoja afe njaa ilhali mwingine ameshiba. Hilo lilikuwa shimo la kina kirefu. Mrufiji aliyealika jirani zake kulima na kuwapikia ugali hakuhitaji kufundishwa maana yake.

Basi mwaka 1968 na 1969, katika kazi iliyoitwa Operesheni Rufiji, watu wa bonde walihamishwa kwenda nyanda za juu, katika vijiji vya ujamaa. Chumbi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopokea watu. Sababu ilikuwa ya huruma: kuwaokoa na mafuriko, na kuwaweka mahali ambapo shule, zahanati na maji ya bomba yangeweza kuwafikia. Wako waliokwenda kwa furaha, na watoto wengi walipata shule ambayo bondeni wasingeipata. Mtu mwadilifu hana budi kuyataja hayo.

Lakini shamba halikuhama. Udongo mweusi ulibaki chini, na mchanga wa juu haukuwa na nguvu ya kulisha watu wengi. Mkulima alilala kijijini na kutembea mwendo mrefu kwenda mlauni, na usiku, wakati nguruwe na kiboko walipoingia shambani, hapakuwa na mtu katika dungu wa kuwafukuza. Wengi wakarudi kwa siri kujenga madungu yao. Mgeni angesema kuwa hao ni wakaidi wasioelewa siasa ya ujamaa. Kumbe walikuwa wakiulisha huo ujamaa.

"Nyumba ya kwanza hapa tuliijenga upesi," mzee alimweleza mjukuu wake. "Tuliambiwa, kila mtu awe na nyumba kabla ya mvua. Nguzo tulikata zilizokuwa karibu, mashimo tukachimba mafupi. Mchwa wakala. Haikumaliza miaka minne."

"Mliwaeleza viongozi, babu?"

"Tulieleza nini? Aliyekuja alikuja na habari, hakuja na masikio."

Katika maneno hayo mafupi kuna hukumu juu ya miaka mingi. Serikali ilikuwa imeandika, na Nyerere mwenyewe alisema wazi mwaka 1968, kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuwa na maendeleo, na kwamba kijiji cha ujamaa hujengwa kwa ridhaa. Hata hivyo mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi katika vijiji ni amri. Siku hiyo imani iligeuka sheria. Jamaa ni kitu ambacho mtu huzaliwa ndani yake au huingia kwa ndoa na urafiki. Hakipakiwi katika lori. Shimo lilikuwa la kweli, na nguzo ilikuwa ya mti mzuri, lakini walioishindilia si wale waliokuwa walale ndani ya nyumba.

Mwisho wa jambo hilo wafaa kutafakariwa na wasomi. Mwaka 1991 huko Zanzibar chama kilichotawala kililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Biashara ya watu binafsi, iliyokuwa kama dhambi, ikawa kama fadhila. Lakini ibara ya 9 ya Katiba ya Tanzania bado yataja ujamaa na kujitegemea. Nguzo imebaki imesimama uwanjani ilhali wenye nyumba wamejenga upande mwingine. Hakuna aliyeing'oa hadharani, na hakuna aliyewaeleza watu kwa nini paa limehamishwa. Huenda ndiyo sababu vijana wengi husikia neno itikadi na kudhani ni neno la sherehe. Itikadi iliyoachwa bila hesabu hufundisha watu kwamba maneno makubwa hayana deni.

Mahali ambapo maneno yamepoteza deni, hatari nyingine huweza kuingia. Kati ya mwaka 2016 na 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wenyeviti na watendaji wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa katika Kibiti. Wauaji walikuja usiku. Wako raia waliopotea pia, na jamaa zao wakabaki bila kaburi la kusomea dua. Uongozi wa kijiji, uliokuwa heshima ya mtu mbele ya jirani zake, ukawa jambo la kumnyima usingizi, wengine waliuacha. Watu walijifunza kusema kidogo. Chochote kilichokuwa katika vichwa vya wauaji, hakikuweza kuitwa dini wala siasa kwa maana ambayo lugha iliyapa maneno hayo, maana hapakuwa na amana wala upole. Fundo lilikuwapo, nalo lilikuwa la kitanzi. Itikadi isiyoweza kusemwa mchana, mbele ya wale inaowahusu, imekwisha kujihukumu yenyewe.

Kisha maji yakarudi. Bwawa kubwa lililojengwa juu ya mto katika korongo la Stiegler, na kupewa jina la Julius Nyerere, lilianza kujazwa mwezi Desemba 2022. Uwezo wake wa kutoa umeme ni megawati 2,115, nalo limekuwa fahari ya taifa. Mwezi Aprili 2024, mvua zilipokuwa nyingi, mafuriko yalifunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti. Serikali ilieleza kuwa bwawa lilikuwa limepunguza nguvu ya maji ambayo yangekuja. Waliopoteza mahindi na mpunga waliuliza ni maji gani yaliyofunguliwa, lini, na kwa idhini ya nani. Watu wa mabondeni walishauriwa tena kupanda juu, kama mwaka 1968.

Kila upande una sauti yake, na si kazi ya insha kuamua kesi ya maji. Lililo muhimu ni kwamba maendeleo, ambalo ndilo fundisho kubwa la siasa katika zama hizi, lina mitume wake, ahadi zake na waumini wake, kama yalivyokuwa mafundisho yaliyolitangulia. Lasema: subirini, mtapata. Huenda ikawa kweli. Lakini fundisho hili pia lapaswa kuulizwa shimo lake liko wapi. Ikiwa liko katika haja ya yule alimaye mlau, litastahimili maswali yake. Ikiwa liko mahali pengine, maswali yake yataitwa ukaidi, kama yalivyoitwa mwanzo.

Kutokana na mambo haya yote, yaweza kusemwa neno moja. Itikadi ya dini au ya siasa haisimami kwa sababu imetamkwa na mtu mkubwa, wala kwa sababu imeandikwa katika kitabu kizuri. Husimama inapochimbiwa katika haja ya kweli, inapotoa ahadi iwezayo kupimwa, na wale watakaoishi ndani yake wanapoishindilia kwa mikono yao. Fundisho la maji lilikuwa na haja ya kweli na mikono ya watu, likaanguka kwa ahadi yake. Vijiji vya ujamaa vilikuwa na haja na ahadi njema, vikaanguka kwa kukosa mikono ya hiari. Dini iliyodumu bondeni ilidumu kwa kuwa watu waliijenga kila siku pasipo kuhimizwa na lori wala bunduki. Wenye mamlaka, wa minbari na wa jukwaa, aghalabu huogopa anayeuliza. Hudhani ametumwa kubomoa. Wangejifunza kwa mjenzi wa Chumbi. Yeye huitikisa nguzo yake mwenyewe, kwa nguvu zake zote, kabla hajaweka paa.

Jua lilikuwa limepanda. Mzee alisimamisha nguzo ya pembeni, boriti ya mkoko iliyotoka Delta, mti ule ule ambao kwa karne nyingi majahazi yaliupeleka Unguja na Uarabuni kubeba madari ya watu wengine. Walirudisha udongo pamoja, wakashindilia. Kijana alidhani kazi imekwisha, akapangusa mikono.

"Itikise," mzee alisema.

Kijana aliishika kwa kuogopa, akaisukuma kidogo.

"Si hivyo. Itikise kama mtu anayetaka ianguke."

Kijana akaweka bega, akasukuma. Nguzo ilicheza, upana wa kidole. Mzee hakukasirika wala hakumlaumu aliyeshindilia. Aliinama, akaokota mti wa kushindilia, akampa mjukuu wake, na wote wawili wakaanza tena.